Sufu Machoni

Rodrick aliingia ukumbini amevaa sweta la sufu.

Ulikuwa mwezi wa Mei. Guangzhou ilikuwa ikitokota kama chungu kilichofunikwa, vioo vya madirisha vimetoa jasho, kiyoyozi kinakoroma bila kupoza kitu, na yeye huyo akapanda jukwaani na sweta zito la kijani, shingo yake imekunjwa mpaka chini ya kidevu. Jasho lilimchirizika nyuma ya masikio. Wanafunzi wa Kichina waliokaa mstari wa mbele walicheka kwa adabu, mmoja akampiga picha, kisha ukumbi mzima ukapiga makofi.

Judica hakupiga makofi. Alikuwa mhakiki wa semina ya siku hiyo, amewekewa kiti pembeni na kibao chenye jina lake, na kutoka pale alimtazama Rodrick kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyepanda meza ya arusi. Ndiyo maana tunachekwa, alijisemea. Si kwa sababu ya ngozi wala lafudhi. Ni kwa sababu ya watu wa namna hii, ambao wakionyeshwa jukwaa huuliza kwanza wavae nini ili wafurahishe.

Wote wawili walikuwa Watanzania, wote walikuwa wahadhiri nyumbani kabla ya kuja kusomea uzamivu, na wote, kwa nyakati tofauti, walikuwa wamesoma katika mji wa Brno, huko Ucheki. Kicheki ndicho kilichowaleta hapa. Profesa Luo, mama mfupi mwenye sauti kavu, alikuwa akisimamia kamusi ya nahau za Kiingereza na tafsiri zake za Kicheki, iliyokusudiwa Wachina wanaokwenda Ulaya kusoma na kuuza. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa Kiingereza, lakini Kicheki hakukijua hata salamu. Aliwagawia watafiti wake mada kama mama anayegawa nyama: huyu maji, huyu mkate, huyu farasi. Judica alipewa mkate. Rodrick alipewa sufu.

Sufu! Judica alipolisikia neno hilo alicheka peke yake mpaka akakohoa. Mwanamume mzima, mwenye digrii zake, amekaa katika mji ambao shati jepesi tu linagandamana na mgongo, anatafiti manyoya ya kondoo wa Wazungu. Lakini kicheko chake hakikudumu, kwa kuwa mwishoni mwa kazi hiyo mtafiti mmoja tu angeajiriwa kuwa mhariri wa kamusi, na mwenye ajira ndiye angepata kibali cha kumleta mtoto wake. Judica alikuwa na binti huko Moshi, analelewa na shangazi, ambaye siku hizi akipigiwa simu ya picha hugeuza uso kutazama katuni.

Asubuhi ya siku hiyo, katika nyumba waliyopanga pamoja mtaa wa Sanyuanli, Safia alimkuta akinyoosha sketi huku akipiga mluzi. Safia alikuwa mfanyabiashara wa Unguja, mpole wa sauti na mkali wa macho.

"Leo una furaha, shoga. Kuna nini?"

"Nakwenda kumchinja mtu."

"Yule kijana wa sufu?" Safia aliweka chini furushi la mapazia aliyokuwa akiyafunga. "Hebu n'ambie, kakukosea nini hasa?"

"Hajanikosea. Hana hata uwezo wa kunikosea."

"Basi mchinje," Safia alisema, akaurudia mzigo wake. "Lakini usije ukanirudia hapa ukanambia hukushiba."

Judica alikuwa na sababu ya kupiga mluzi. Katika andiko la Rodrick, alilopewa alisome kabla ya semina, alikuwa amekuta kosa, na kosa lenyewe halikuwa la koma wala tahajia. Angeweza kumwambia pembeni, kama watu wa nchi moja wanavyosaidiana ugenini. Alilihifadhi. Alilitunza kama mtu anavyotunza kiungo adimu, akingoja wageni wafike.

Rodrick alianza vizuri, hilo alilazimika kulikubali, na kulikubali kukamuudhi. Alieleza kwamba Mwingereza aliyezama katika ndoto za mchana husemwa kwamba anaokota sufu, wakati Mcheki husema tu kwamba mtu huyo anaota macho wazi. Alieleza kwamba yule ambaye Waingereza humwita mtu aliyetiwa rangi tangu akiwa sufu, yaani kindakindaki, hageuki, kwa Wacheki ni mtu wa mwamba. Alisema wote wawili humfungia mtoto anayedekezwa ndani ya pamba, na kwamba Mwingereza, kwa ajabu zake, huiita pamba hiyo sufu. Watu wakacheka. Rodrick naye akacheka, akajifuta jasho kwa mkono wa sweta, na Judica akaona haya kwa niaba ya taifa zima.

Kisha akafika kwenye kosa lake, akaingia nalo kwa furaha.

"Mwingereza anayedanganywa husema amevutiwa sufu machoni," alisema. "Na hapa, ndugu zangu, ndipo lugha hizi mbili zinapokutana. Mcheki naye husema hivyohivyo. *Netahej mi vlnu přes oči.* Usinivutie sufu machoni. Ni picha ileile, kondoo yuleyule. Hoja yangu yote imesimama hapa."

Zamu ya Judica ilipofika, alisimama polepole. Alikunja karatasi zake mara mbili, kana kwamba hata hazihitaji.

"Nimeishi Brno," alisema. "Nimesoma magazeti yao, nimegombana na makarani wao. Mcheki akidanganywa, hasemi habari ya sufu. Anasema ametundikiwa ndama puani. *Bulíky na nos.* Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Hayo maneno ya Bwana Rodrick ni Kiingereza kilichovikwa nguo za Kicheki, kama yeye mwenyewe alivyovikwa sweta. Kama hoja yake yote imesimama hapo, basi imesimama hewani. Swali langu ni moja: amekosea, au ametupiga sisi wenyewe changa la macho?"

Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili, likatoka lenyewe, kisha akalieleza kwa Kiingereza. Profesa Luo alivua miwani. Judica akakaa, na utamu ukamwenea mwilini kama chai ya kwanza ya asubuhi.

Rodrick hakukasirika. Hilo nalo lilikuwa la kudharauliwa: mtu anapigwa kofi hadharani, anabaki akipapasa simu yake mfukoni.

"Dada Judica ana haki ya kuuliza," alisema. "Hao ndama nawajua. Lakini haya mengine sikuyatunga. Niliyasikia kwa mwenye nyumba wangu, aliyenifumia sweta hili. Mzaliwa wa palepale, hakuwahi kuishi kwingine. Alikuwa akiyasema kila siku. Niliwahi kumrekodi akipika. Rekodi nimeileta, kwa sababu nilijua mtu angeuliza." Aliisogeza simu kwenye kipaza sauti. "Sasa ni marehemu. Mwaka jana, mwezi wa pili."

Kikasikika kijiko kikigonga sufuria. Redio mbali. Kisha sauti ya mwanamke mzee, nzito, yenye mkwaruzo wa sigara, ikimfokea mtangazaji wa hali ya hewa ambaye bila shaka alikuwa ameahidi jua: *Netahej mi vlnu přes oči!* Kikafuata kicheko kirefu cha kikohozi, na maneno machache tena, haraka, kwa mzaha.

Kalamu ya Judica ilianguka. Hakuiokota.

Katika mwaka mzima waliofanya kazi meza zinazotazamana, hakuwahi kumuuliza Rodrick aliishi mtaa gani kule Brno, wala kwa nani. Angemuulizia nini? Na Rodrick, aliyemwogopa, hakuwahi kuthubutu kuanza. Sasa Bi Hedvika alikuwa akicheka katika ukumbi wa Guangzhou, mbele ya watu wasiomjua, na Judica ndiye peke yake aliyejua maneno yake ya mwishoni yanamhusu nani. Alikuwa amesema: kama asemavyo Judita wangu.

Judita. Bi Hedvika hakuwahi kuweza kulitamka jina la Judica.

Yalikuwa majira ya kwanza ya baridi ya Judica kule Brno, amepanga kwa mama huyohuyo. Kipasha joto cha chumbani kilikuwa kimekufa, na Bi Hedvika alikuwa akiapa kwamba fundi yuko njiani. Judica, anatetemeka, ana miezi michache tu ya Kicheki kichwani, alitaka kumwambia asimfanye mjinga. Neno hakuwa nalo. Akachukua la Kiingereza, akalifasiri kipande kwa kipande, akalitema. Hakujua kwamba kwa Kicheki sufu na wimbi ni neno moja. Bi Hedvika alichosikia ni binti wa Kiafrika, amejifunga blanketi, amesimama mlangoni kama hakimu, anamkataza asimvutie wimbi machoni. Yule mama alicheka mpaka akaketi sakafuni. Toka siku hiyo maneno hayo yakawa ya nyumba. Alimwambia muuza nyama, alimwambia paka, aliwaambia wanasiasa kwenye televisheni. Na Judica alipoondoka, akiwa amechoshwa na harufu ya kabichi na jiko lenye masizi, akiamini kwamba maisha yanamngoja mahali penye hadhi zaidi, aliahidi kupiga simu.

"Tumesikia sauti ya mzawa," Profesa Luo alikuwa akisema. "Mhakiki, unaondoa pingamizi?"

Njia ilikuwa wazi. Angesema kwamba sauti moja si ushahidi, kwamba kamusi haijengwi kwa bibi mmoja na sufuria yake. Lingekuwa jibu la kitaalamu, na lingemmaliza Rodrick bila tone la damu. Alifungua kinywa ili alitoe. Akamtazama Rodrick, analowana ndani ya lile sweta, na kwa mara ya kwanza akaiona ile mishono: mipana upande mmoja, imebana upande wa pili, kazi ya mikono iliyokuwa ikianza kutetemeka.

"Rodrick," alisema kwa Kiswahili, "huyo Judita anayemtaja ni nani?"

"Bintiye, nadhani. Alikuwa akimtaja sana. Sikuwahi kumwona."

Judica aliugeukia ukumbi. "Siondoi pingamizi," alisema kwa Kiingereza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Hakuna Mcheki asemaye hivyo isipokuwa huyo mama. Na huyo mama alifundishwa na mimi. Nilikuwa mpangaji wake. Lilikuwa kosa langu la lugha, akalipenda."

Kicheko kilianza mstari wa mbele, kikasambaa hadi nyuma. Hakikuwa cha adabu tena. Mtu alirudia neno "mpangaji", kicheko kikapanda upya. Judica alikijua kicheko hicho. Yeye mwenyewe alikuwa amekicheka mwaka mzima, kimoyomoyo, akiangalia upande wa pili wa meza. Hakuwahi kujua kilivyo kwa anayekipokea.

"Basi si nahau," Profesa Luo alisema, akavaa miwani. "Ni utani wa jikoni. Ifutwe."

Baadaye alimwita Judica kwenye korido, karibu na mashine ya maji ya moto.

"Nafasi ni yako. Yeye anapenda mno vitu anavyovitafiti. Mhariri mzuri hampendi mtu." Aliisema kama sifa, akajaza chupa yake maji, akaenda zake.

Judica alisema asante. Angeikataaje? Binti yake angekuja, angempeleka shule, angemzoea upya. Lakini lile neno la asante alishuka nalo ngazi zote hadi kituo cha metro.

Rodrick alikuwa kwenye benchi la chini, sweta amelivua, amelikunja vizuri mapajani. Fulana yake ilikuwa imelowa chapachapa. Alimwona, akasogea kumpisha nafasi, kama vile hakuna aliyemfanya lolote.

"Hongera, dada. Profesa ameniambia."

"Usinipongeze." Alikaa. Watu walipita na mabegi ya magurudumu, wengine wakielekea uwanja wa ndege. Alitafuta jinsi ya kuomba radhi, akagundua kwamba kwa lugha zote alizozijua alikuwa amejifunza kila kitu isipokuwa hilo. Akauliza jingine. "Alifia wapi?"

"Hospitali. Nilikuwa nimempelekea soksi safi. Nikamkuta nesi anakunja shuka." Rodrick alitazama reli. "Mazishi yalikuwa mimi, jirani wa chini, na padri. Nilimtafuta huyo binti yake, ujue. Niliuliza kila mtu. Wote wakaniambia bibi hakuzaa. Nikafikiri ni uzee."

Judica alikaza macho kwenye ukuta wa mbele, penye tangazo la juisi.

"Alikuwa akisema nini juu yangu?"

Rodrick hakuwa mtu wa kuumiza, na hakujua kudanganya.

"Kwamba una majivuno," alisema. "Kwamba huwezi kuosha sufuria ikatakata. Kwamba ungepiga simu Jumapili, kwa hiyo Jumapili tulikuwa hatuwashi redio."

Treni ya kwenda Sanyuanli iliingia, ikafungua milango, ikakaa kidogo, ikafunga. Upepo wake ulipokwisha, Judica alikuwa bado ameketi.

"Endelea," alisema.