Jirani wa Themanini na Saba

Wagusii wamegombania mipaka ya mashamba tangu enzi za mababu, lakini ugomvi wa Joyline Bosibori na Daktari Ochoki ulihusu ujirani wa aina nyingine kabisa. Ulihusu amino asidi moja, namba themanini na saba, ndani ya protini ya bakteria anayenyausha migomba. Joyline, mwanafunzi wa shahada ya pili, alisema huyo ndiye mhimili wa protini nzima. Daktari, msimamizi wake, alisema huyo ni mzururaji.

"Haigusi kitu, Joyline," alimwambia Ijumaa mchana ofisini mwake mjini Kisii, huku akiigeuzageuza protini kwenye skrini kama mtu anayechagua parachichi katika soko la Daraja Mbili. "Iko huko nje inaota jua. Contacts, yaani migusano, ni sufuri. Sasa watu wa maabara nitawaambia nini?"

Hapa yafaa tusimame kidogo tueleze, maana hata mama yake Joyline alielezwa akaelewa. Protini ni uzi wa amino asidi, mfano wa shanga, uliojikunjakunja ukawa kifundo. Shanga ya mwanzo wa uzi yaweza kujikuta imebanana na shanga ya karibu na mwisho, na huko kugusana ndiko kunakozuia kifundo kisifumuke. Kazi ya Joyline ilikuwa kujua nani anamgusa nani. Kompyuta hupima umbali kati ya kila amino asidi na nyingine, na zilizokaribiana vya kutosha huandikwa kuwa majirani. Mwenye majirani wengi ni mtu wa maana. Asiye na jirani hata mmoja, ukimng'oa, kifundo hakina habari.

Themanini na saba, ambaye jina lake la ukoo ni tairosini, hakuwa na jirani. Lakini Joyline alikuwa ameilinganisha protini hiyo na za bakteria wengine wa jamii yake, na wakati shanga nyingine zilibadilikabadilika kutoka ndugu hadi ndugu, yeye alikuwa palepale, hasogei wala habadiliki.

"Kitu kisicho na kazi hakiwezi kutunzwa namna hiyo, Daktari."

"Hiyo ni hisia. Mimi nipe mguso mmoja. Mmoja tu, naandika jina lake."

Maabara moja ya Nairobi ilikuwa imekubali kujaribu amino asidi tatu: kuibadilisha kila moja na kutazama kama protini itavunjika. Nafasi mbili zilikuwa zimejaa. Ya tatu ingefungwa Jumamosi saa moja jioni, kwa sababu wenye maabara hawakuwa watu wa Sabato. Bila mguso, Daktari angeweka namba nyingine aliyoipenda yeye, na maabara ile ikishajaribu hairudii. Mwaka mzima wa Joyline ulikuwa umeegemea shanga moja inayoota jua.

Akaondoka na hasira zake hadi nyumbani Manga. Asingethubutu kubaki mjini, kwani Sabato hiyo ilikuwa ya meza ya Bwana, na mama yake, Gladys, ndiye shemasi. Njiani kuelekea nyumbani aliipita sehemu ya shamba iliyokuwa migomba mwaka juzi. Mnyauko ulipoingia waliikata yote wakaifukia, na mama, mwanamke asiyelia hovyo, alilia siku hiyo. Jua la Ijumaa lilipozama Sabato ikaanza, na laptopu ikalala chini ya kitanda hadi machweo ya kesho yake.

Wasabato, kabla ya kula mkate na kunywa divai, hutawadhana miguu. Wanaume kwao, wanawake kwao, wawili wawili, beseni moja na taulo moja. Asubuhi ile kwaya ya wageni ilikuwa imekuja kutoka upande wa Nyamira mjini. Kanisa la Manga si kubwa, hivyo Gladys aliwaweka wanawake wageni katika chumba cha watoto, wenyeji wakabaki ndani ya kanisa. Akawahesabu wenyeji wake, akawapanga kwa jozi, na jozi zilipoisha akabaki mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Joyline. Aliketi pembeni kwenye benchi, viatu amevua, maji ya uvuguvugu mbele yake, na kila aliyemtazama alimtazama kwa huruma ile inayochoma kuliko dharau. Huyu wa mjini. Huyu ambaye hata mume bado. Akajifanya anasoma Biblia.

"Shemasi," aliita mama mmoja kutoka chumba cha watoto, "huku kwetu kuna msichana amebaki peke yake!"

"Na kwangu pia!" alijibu Gladys. "Mwambie aje!"

Akaja. Aliitwa Celestine, sauti ya tatu kwenye kwaya, na kumbe naye alikuwa amekaa kule akiona haya vilevile. Akapiga magoti, akaushika mguu wa Joyline, akaumwagia maji kwa kiganja. Kisha wakabadilishana. Joyline alikuwa ameshika kisigino cha Celestine mkononi, anakipangusa kwa upole, alipotazama ukuta uliotenganisha vyumba viwili, akatazama benchi alipokuwa ameketi peke yake, halafu mikono yake ikasimama.

Hakuwa ameachwa na mtu. Mama yake alikuwa amehesabu chumba kimoja.

"Nilimfuta!" alisema kwa sauti iliyofika hadi kwa wanaume. "Mnyororo wa pili, niliufuta mwenyewe!"

Mguu wa Celestine ukaanguka kwenye beseni, maji yakamrukia mke wa mzee wa kanisa.

Ukweli ni huu. Faili ya umbo la protini aliyoipakua zamani ilikuwa na minyororo miwili, yaani nyuzi mbili za protini ileile, imelala sambamba, mmoja ukiitwa A na mwingine B. Wafanyao kazi hii karibu wote hufanya alivyofanya yeye: nakala ni nakala, ya nini kuihesabu mara mbili? Laptopu yake ya mtumba ilikuwa ikikoroma kama posho mill inayosaga mahindi, basi akafuta B, akaipunguzia mzigo, akasahau. Na Daktari alichukua faili hiyohiyo iliyosafishwa. Wote wawili walikuwa wamehesabu chumba kimoja.

Je, kama themanini na saba hakuwa akiota jua? Kama alikuwa amemtazama mwenzake wa chumba cha pili?

Mkate Joyline aliula, divai aliinywa, lakini tusidanganyane, akili yake haikuwa mezani. Furaha ilimpanda hadi masikioni. Alitoka kanisani karibu kukimbia, mama yake nyuma yake na mabeseni.

"Mama, naomba dakika kumi tu na laptopu."

"Yaya," alisema mama kwa Ekegusii, na hapana ya Gladys haikuhitaji kurudiwa.

"Bwana mwenyewe alisema, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato, mtoe!"

"Huyu wako ametumbukia tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Basi ameshazoea. Atangoja jua lizame."

Angeweza kuingia chumbani akajifungia. Alifika hata kuinama na kuigusa zipu ya mkoba. Lakini alikuwa mtoto wa nyumba ile, na zipu ile ilikuwa nzito kuliko mlango wa benki. Akarudi nje, akaketi na mama yake kwenye baraza, akamweleza yote: kifundo, majirani, chumba cha pili, saa moja jioni. Mama alisikiliza akimenya chungwa.

"Kwa hiyo hao wawili wakishikana," aliuliza, "ndipo wanapata nguvu ya kuniulia ndizi?"

"Nadhani hivyo, mama. Kama wanashikana. Sijaona bado."

Mchana ule haukuwa na mwisho. Mvua ya Manga ikaja kwa wakati wake, ikachukua stima, nyumba nzima ikawa bila umeme, ikaondoka. Mawingu yakabaki yamelifunika jua upande wa Suneka, ikawa hata kulitazama likizama hakuwezekani. Ilibidi kutegemea kalenda ya kanisa iliyobandikwa ukutani, yenye saa ya machweo ya kila wiki. Joyline aliikariri. Kati ya machweo na saa moja zilikuwepo dakika chache tu, na katikati yake kulikuwa na kizuizi alichokiogopa kuliko stima na mtandao kwa pamoja: sala ya mama ya kufunga Sabato.

Sala hiyo ilijulikana kijiji kizima. Gladys huanza na kanisa la ulimwengu, akashuka kwa wachungaji, wajane, yatima, wagonjwa mmojammoja kwa majina, walio safarini, serikali ya kaunti, kiwanda cha majani chai, hadi ng'ombe. Kuna jioni ng'ombe alikuwa akifikiwa giza limeshaingia kabisa.

Saa ikafika. Wakapiga magoti sebuleni. Joyline akafumba macho, akajiambia kwamba kama mambo ni ya kushindwa, basi ashindwe akiwa amepiga magoti.

"Baba yetu," alisema mama, "asante kwa Sabato. Amina."

Joyline alifumbua macho. Mama alikuwa ameshasimama.

"Unangoja nini? Kimbia!"

Alikimbia. Akaiweka laptopu juu ya debe karibu na ghala, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka, akaipakua upya faili ya asili kwa mtandao wa simu. Betri ilikuwa imebaki kidogo. Safari hii hakufuta kitu. Minyororo miwili, A na B, kila amino asidi na kila nyingine. Mashine ikakoroma. Mama alisimama nyuma yake ameshika taa ya sola.

Majibu yakatoka. Joyline akateremka hadi themanini na saba wa mnyororo A, akaisoma safu yake, akaisoma tena kwa sauti.

"Anagusa themanini na saba wa B! Mama, wameshikana uso kwa uso! Jirani yake ni yeye mwenyewe wa chumba cha pili!"

Akaruka, akamkumbatia mama na taa yake, kisha akampigia Daktari Ochoki.

"Joyline, niko karibu kutuma," Daktari alisema. Alikuwa kwake Suneka; sahani zililia nyuma yake.

"Usitume! Fungua faili ya asili, si ile yangu. Nilifuta mnyororo B. Kosa ni langu, Daktari. Pima A na B pamoja."

Vidole vikagonga kibodi. Sahani hazikusikika tena.

"Aki ya Nyasae," Daktari aliapa kwa jina la Mungu, taratibu. "Wako pua kwa pua." Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa akafurahi. "Na mimi mzima sikuifungua hata siku moja ile ya kwanza. Umejua saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Na unanipigia saa hizi?"

"Ilikuwa Sabato."

Daktari, ambaye ni Mkatoliki, akacheka tena, akakata simu. Dakika mbili baadaye simu ya Joyline ikaita kwa ujumbe: tairosini themanini na saba, nafasi ya kwanza, si ya tatu. Laptopu ikazima palepale, na wala hakuijali. Alikuwa akicheka huku anafuta machozi kwa kanga ya mama.

"Sasa ndizi zangu zitapona?" aliuliza Gladys.

"Bado, mama. Kwanza watambadilisha huyo mmoja, tuone kama wale wawili wataachana. Wakiachana, hapo ndipo pa kuanzia."

Mama aliitikia kwa kichwa, akaitazama ile sehemu tupu ya shamba, kisha akamshika mwanawe mkono.

"Basi rudi ndani. Ile sala hatukuimaliza."

Wakapiga magoti tena palepale. Gladys akaanza na kanisa la ulimwengu. Akashuka kwa wachungaji, wajane, yatima, wagonjwa kwa majina yao, akampitia Daktari Ochoki wa Suneka, akamfikia ng'ombe. Hapo Joyline alidhani wamefika, akavuta pumzi ya kusema amina. Lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Na mwisho, Baba," alisema, "miaka yote nimekuomba uwaunganishe watu, wala usiwaache waachane. Leo nakuomba kitu kingine. Wako wawili, wa chumba cha huku na wa chumba cha pili, umri wao wote wameshikana uso kwa uso. Watenganishe."

Joyline aliitikia kwa sauti iliyofika kwa majirani.

"Amina!"