Majembe Mlangoni kwa Mwanahawa

Asubuhi, kabla ya kwenda kupalilia karoti, majirani wa Lukozi walipita kwa Mwanahawa kuchukua majembe yao. Yalikuwa yameegemea ukuta wa chumba anacholala.

"Shikamoo, shangazi. Nimefuata jembe," alisema Salama, binti wa kaka yake.

"Marahaba. Chukua na panga la baba yako."

Mambo hayo yalianza baada ya Mwanahawa kukatwa tumbo mjini ili apungue unene. Alipungua kweli. Kisha nywele zikanyonyoka, miguu ikafa ganzi, akawa anatafuna udongo mpaka wanawake wakampongeza kwa mimba, na umri wake miaka hamsini na mbili. Ndipo vyuma vya kijiji vikaanza kumfuata. Vilimfuata, havikumwingia.

Hospitalini walimpima wakamkuta na damu tano, haifiki hata nusu ya inayotakiwa. Daktari aliuliza kama waliomkata hawakumwambia kwamba tumbo la namna hiyo halinyonyi chuma vizuri, na kwamba vidonge vya chuma na sindano za vitamini ni vya maisha.

"Waliniambia nimependeza."

Ni uhuni kumsifu mtu nguo zinavyompwaya, ukanyamazia damu inayomwisha. Alianza dawa, na majembe ya mbali yakaacha kuja.

Siku ya gulio, wale waliomkata walifika Lushoto kutafuta wateja. Picha ya Mwanahawa ilikuwa kwenye bango, lililopigiliwa misumari kwenye nguzo, juu ya meza yao. Salama alikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha kukatwa. Mwanahawa aliposhuka kwenye bodaboda, pikipiki ilimfuata kidogo, dereva akaizuia.

Alisimama chini ya bango. Misumari ikachomoka, mmoja mmoja, ikatua kiganjani mwake. Bango likaanguka.

"Waambie na habari za vidonge," alimwambia mtaalamu wao aliyekaa mezani.

"Mama, hayo tunaeleza baadaye."

"Hiyo baadaye yenu mimi nilikuwa nakula udongo!"

Salama akatoka kwenye foleni. Aliyekuwa nyuma yake akasogea mbele. Mtaalamu akaagiza kamba ya katani, bango likafungwa upya, na Mwanahawa akaketi chini ya uso wake mwenyewe, akiwaonyesha wapita njia vidonge vyake hadi soko likafungwa.

Gulio lililofuata foleni ilikuwa ndefu zaidi. Mwanahawa alifika na kisu cha kukatia kamba. Hakukibeba. Kilimfuata chenyewe.