Oili Iliyoongezwa: Hakuna

1.
KARAKANA YA LUSAJO, TUKUYU
Mwenye gari: Mzee Mwaisaka, dereva mstaafu wa serikali.
Gari: saluni nyeupe, kilomita 412,000.
Tatizo: linakula oili. Chini halivuji. Moshi wa bluu kila likipanda kilima.
Kipimo: nimejaza oili hadi alama ya juu. Mteja atembee kilomita elfu moja, asiongeze hata tone. Achomoe kijiti cha kupimia oili kila asubuhi, aandike kwenye daftari.

2.
"Ikipungua?" mzee aliuliza.
"Ikipungua zaidi ya lita moja, mzee wangu, ringi za pistoni zimekwisha. Injini ya umri huu haifunguliwi. Na wanao walishasema, gari likishindikana liende kwa watu wa chuma chakavu."

3.
Usimcheke, msomaji.

Miaka thelathini na mmoja mzee huyu aliendesha wakubwa, na daftari lake la safari halikuwahi kusema uongo. Ndiyo maana Lusajo hakufunga kifuniko cha oili kwa lakiri, kumzuia asiongeze. Ingekuwa tusi.

Lakini sasa amechoka. Magoti hayamtii, mgongo haumtii. Usukani tu ndio unaomtii. Gari likiuzwa atakuwa mzee wa kibarazani, wa kuulizwa kama amekula.

4.
Km 120. Oili iliyoongezwa: hakuna.
Km 340. Oili iliyoongezwa: hakuna.
Km 610. Hakuna.

(Nusu lita. Kisha nusu nyingine, na nyingine. Alfajiri, kwa kikombe cha bati, nyuma ya banda la ng'ombe.)

Km 1,000. Hakuna.

5.
Aibu.

6.
"Haijapungua?" Lusajo alikitazama kijiti, akakifuta, akakichomeka, akakichomoa tena. "Basi nilikosea mimi. Dereva wa serikali hadanganyi daftari." Akagonga mhuri: INJINI NZIMA.

7.
Simu ya Tusekile, bintiye:

"Baba, Lusajo kanitumia picha ya ile karatasi. Nimefurahi mno! Mama amepangiwa Dodoma, upasuaji wa mtoto wa jicho, Alhamisi. Basi linamtapisha, unajua. Nakuja kumchukua na gari lako. Nitaendesha mwenyewe, wewe baki na ng'ombe, upumzike."

Alitaka kusema kwamba...

"Sawa, mama," alisema.

8.
Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi. Mama Tusekile amekaa kiti cha mbele, khanga mabegani. Mzee akainama dirishani amfunge mkanda. Mkewe akamshika mkono wa koti.

"Baba Tusekile. Macho yangu ndiyo yenye ukungu. Pua ni nzima."

Mzee akauvuta mkanda.

"Wiki mbili hizi unakuja kunywa chai ukinuka oili."

Mkanda ukalia, ukafunga.

"Tutafika?"

9.
Tukuyu hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita mia sita. Kuna milima. Na huko njiani hakuna mtu wa kufungua boneti kwa siri.

10.
Tusekile akawasha. Moshi wa bluu ukatoka nyuma, ukapita katikati ya migomba. Hakuuona, alikuwa akirekebisha kioo.

"Baba, tuombee twende."

Mzee aliutazama moshi ule ukipotea. Alikuwa amechoka, na uongo ulikuwa umemchosha kuliko magoti. Mkewe bado alikuwa ameshika koti lake, wala hakulivuta.

"Zima gari, mwanangu."

"Baba?"

"Zima. Mpigie Lusajo. Mwambie mimi ndiye niliyeongeza oili."