Viota vya Genge la Magharibi

Kwa miaka kumi na tisa karani wa ofisi ya hifadhi alivijua viota vyote vya ndege wa kisiwani bila kuwahi kukanyaga kisiwa chenyewe. Kila msimu wa kutaga ulipokwisha, daftari la mlinzi wa kisiwa lililetwa kwa boti ndani ya mfuko wa plastiki, kurasa zimekakamaa kwa chumvi. Yeye alikaa nalo kwenye meza yake ya dirishani, kati ya kabati la chuma na birika la chai, akahamisha namba moja moja kwenye jedwali. Wenzake walimwita Mama Jedwali. Jina lilimganda hadi mumewe naye akalidaka.

Mwaka huo, alipofika ukurasa wa Genge la Magharibi, ule ukuta wa mwamba juu ya bahari, kidole chake kilisimama. Viota mia nne na kumi na viwili. Akafungua mwaka uliotangulia: mia nne na kumi na kimoja. Wa nyuma yake: mia nne na kumi na vitatu. Wa nne, kumi na viwili tena. Magenge mengine sita yalikuwa yakipanda na kushuka, na mwaka wa ile dhoruba kubwa yote yaliporomoka. Hili la magharibi lilitulia tuli, kama vile dhoruba ilipita kwa mlango wa nyuma.

Alilibeba daftari hadi kwa mkuu wake. "Bosi, hii namba imepikwa."

Bosi hakuinua macho. "Yule mlinzi yuko kule miaka ishirini na tatu. Nimtume nani akamkague? Ofisi nzima hii hakuna anayepanda hata kilima cha posta."

"Nitume mimi."

Bosi alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba, akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Nyumbani, mumewe, fundi wa majokofu, aliweka kijiko chini. "Wewe? Wewe ambaye ukibadilisha balbu nakushikia kiti?"

"Mimi huyo huyo."

"Kule ni magenge, mke wangu, chini bahari."

"Nimekusikia. Na nitakwenda."

Msimu mpya wa kutaga ulipokaribia, kwa wiki sita, kila asubuhi kabla ya kazi, alipanda ngazi za jengo la ofisi, ghorofa tano, mara nne, na begi mgongoni lililojaa majalada ya zamani. Wiki ya kwanza alikwamia ghorofa ya tatu akitweta, mfagiaji akamletea kiti. Wiki ya sita mfagiaji ndiye aliyemwomba apunguze mwendo. Binti yake alimwazima viatu vya kupandia milima. Vilimpwaya, akavaa soksi mbili mbili.

Mlinzi alimpokea gatini. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye ndevu za mvi na sauti ndogo isiyolingana na urefu wake.

"Karibu, dada. Miaka yote hii ninakuandikia, sikujua una sura."

"Nami sikujua una ndevu. Mwandiko wako hauonyeshi."

Wakacheka, na karani akasikia uchungu kidogo, maana alikuwa amempenda mtu huyu kabla ya kumkamata. Kibanda chake kilikuwa chumba kimoja: kitanda, jiko la gesi, redio, na madaftari yamepangwa ukutani mwaka kwa mwaka. Sakafu ilikuwa imefagiliwa siku hiyo hiyo. Karani hakumwuliza lolote. Alitaka kwanza aone kwa macho yake.

Asubuhi walishika njia. Ilipanda katikati ya nyasi ngumu zenye kukata, ikaingia kwenye mawe, kisha ikafuata ukingo ambapo nchi iliishia ghafla na bahari ikaguruma mbali chini. Upepo ulimsukuma kama mtu mwenye haraka. Membe waliwashukia vichwani kwa makelele, na mlinzi akamfundisha kubeba fimbo wima. "Ndege hupiga kile kilicho juu zaidi. Mwache aipige fimbo."

Kwenye genge la kwanza walihesabu kila mtu kivyake, kimya, wakilinganisha mwishoni. Mlinzi alipata mia mbili na sita. Yeye, mia mbili na nne.

"Wawili uliowakosa wako nyuma ya lile jiwe jekundu," mlinzi akasema, akamwonyesha kwa darubini. Kweli walikuwepo.

Karani alitatizika. Mtu anayejua kiota kilicho nyuma ya jiwe jekundu hapiki namba kwa uvivu.

Lakini kadiri walivyokwenda magharibi, mlinzi alizidi kuzubaa. Akafunga kamba za viatu. Akazifunga tena. Mwisho akasimama. "Leo hapafikiki, dada. Upepo."

"Upepo huu tumeamka nao."

Mbele yao njia ilikuwa kigongo chembamba cha jiwe, hatua kama arobaini, huku bahari na huku bahari. Katikati upande mmoja ulikuwa umemeguka.

"Andika ile ile," mlinzi akasema, akitazama viatu vyake. "Nakuomba."

"Lini uliacha kuvuka?"

"Ile dhoruba ilipomega pale. Nilikanyaga, jiwe likaondoka. Nilining'inia kwa mikono mpaka nikapata pa kuweka goti. Tangu siku hiyo nikifika hapa miguu inakuwa uji. Ningesema, wangeniondoa. Niende wapi mimi? Huko kwenu hata usingizi sipati, pako kimya mno."

Karani alimwonea huruma, na hasira zake hazikupungua. "Kwa namba zako boti za uvuvi zimeruhusiwa kusogea hadi chini ya genge hili. Wakubwa walisema ndege wako imara. Na ni mimi niliyeziandika vizuri kwa kalamu nzuri." Akavua begi. "Kamba unayo?"

"Dada..."

"Nimeuliza kamba."

Alikuwa nayo. Aliifunga kwenye chuma alichokipigilia mwenyewe zamani, akamzungushia karani kiunoni, akavuta fundo mara tatu. Karani akapiga magoti na kuanza kutambaa. Alikuwa na hofu. Hakujidanganya kwamba haipo. Aliibeba tu, kama alivyobeba yale majalada.

"Mkono wa kulia, jiwe lenye doa jeupe," sauti ndogo ikaita nyuma yake. "Hilo limekaza. La kushoto liache, linacheza. Sasa goti. Vizuri."

Alilijua kila jiwe. Miaka minne bila kuvuka, na bado alikuwa na njia nzima kichwani.

Pale palipomeguka, membe alikuwa ameatamia yai katikati kabisa ya njia, na hakuwa na mpango wa kuondoka. Akamdonoa kidole hadi damu.

"Samahani, mama mwenzangu," karani akamwambia, akajibana kando na kupita, tumbo likisugua mwamba na mguu mmoja ukikanyaga hewa. Mguu ukapata jiwe. Akapita.

Ng'ambo alijifuta damu kidoleni, ndipo akainua darubini. Genge zima lilikuwa mbele yake, rafu juu ya rafu. Rafu za chini zilikuwa tupu. Alihesabu mara tatu: mia moja sitini na nane, sabini na moja, sitini na nane. Akaandika na kutia saa na tarehe. Alitamani kulia, lakini upepo ulikuwa unakausha kila kitu.

Alipoanza kurudi akaona kamba imelegea. Mlinzi hakuwa tena kwenye chuma. Alikuwa ametambaa hatua saba ndani ya kigongo, uso umempauka, mkono ameunyoosha.

"Fanya haraka," akasema, meno yakigongana. "Sitakaa hapa siku mbili."

Jioni hiyo mlinzi aliandika barua yake mwenyewe, kurasa mbili, bila kujitetea. Karani hakumwekea neno hata moja. Ofisini bosi alisema waifanye namba ishuke polepole, isishtue watu. Karani alifuta namba za miaka minne, mahali pake akaandika "haikuhesabiwa" mara nne, chini yake 168, na akakataa kuondoka chumbani mpaka bosi alipotia sahihi.

Boti zilirudishwa nyuma. Mlinzi alipewa onyo kali na msaidizi mmoja, lakini hakuondolewa. Msimu uliofuata karani alikwenda tena, na mara hiyo mlinzi alivuka naye, kwa makalio, inchi kwa inchi, akimtukana kila ndege aliyepita. Walihesabu viota mia moja sabini na tisa.