Maua ya Fundi na Maziwa ya Walezi

Mtaani walimwita Mama Nyuki, na jina lilimkaa. Nyuma ya nyumba alikuwa na mizinga sita, na asali yake haikuwahi kukosa mnunuzi. Mumewe, fundi umeme mstaafu ambaye hata mkewe alimwita Fundi, aliwaogopa nyuki hao bila kuficha. Mtu aliyeshikashika nyaya maisha yake yote, akimwona nyuki mmoja tu, yeye huyo ndani na mlango anafunga.

Kisha kiharusi kikamlaza mkono na mguu wa kulia. Miezi ikapita ameupa ukuta uso, chakula anakigusagusa tu, utani wote umemkauka. Mchana Mama Nyuki alijikaza kisabuni. Kulia alilia bafuni. Basi asubuhi moja Fundi akapiga simu kitaluni na kuagiza miche ya maua. Aliipanda mwenyewe kuzunguka mizinga yote, amekaa chini, anachimba kwa mkono wa kushoto, anajiburuta kwa makalio kutoka shimo hadi shimo. Nyuki walimpita masikioni na hakukimbia. Na kukimbia kwenyewe angekimbiaje, alisema, na huo ukawa utani wake wa kwanza tangu augue. Alitaka nyuki wa mkewe wasihangaike kwenda mbali. Maua yalipochanua, zambarau tupu, akaanza kula vizuri na kubishana na redio.

Ndipo majana, wale watoto wa nyuki wanaolelewa ndani ya masega, wakaanza kufa. Nyuki wakubwa walikuwa wazima kabisa, wanaruka, wanarudi na chavua, lakini watoto walidumaa na kunyauka. Mama Nyuki alikagua mizinga yote asione ugonjwa anaoujua. Akakata kipande cha sega, akakiweka kwenye barafu na kumpa binti yao, anayefanya kazi maabara.

Binti alirudi na majibu Jumamosi, akamvuta mama yake jikoni na kurudishia mlango. Alieleza taratibu. Nyuki walezi hutengeneza maziwa ya kuwalisha watoto, na ndani yake mna kitu kinachoitwa asetilikolini. Kwa binadamu kinajulikana zaidi kama tarishi wa mishipa ya fahamu; ndicho kinachouambia mkono unyanyuke. Lakini ndani ya maziwa hamna mshipa wa fahamu hata mmoja. Mlezi anakitoa kwenye tezi za kichwani, mtoto anakila na kukua, na akikikosa hakui. Maziwa ya mizinga hii yalikuwa nacho kidogo mno. Ipo dawa ya wadudu ambayo, ikiwa kidogo, haimwui nyuki mkubwa ila humharibia maziwa. Binti ameikuta kwenye chavua, na kitaluni walikiri kwamba humwagilia miche dawa hiyo kabla ya kuiuza.

"Ni maua ya baba," alisema. "Yang'olewe yote, mama."

Mama Nyuki aliuliza kama mizinga haiwezi kuhamishwa. Inaweza, binti akajibu, lakini iende mbali sana, nyuki wasiyafikie maua hayo, na wao mbali huko hawana hata pa kuweka kiti. Basi mama akaomba apewe muda. Kila siku aliapa kwamba atamwambia Fundi baada ya kula, na kila baada ya kula Fundi alimsimulia ua gani limefunguka leo. Angeanzia wapi? Aliwaonea uchungu watoto wa nyuki, akamwonea uchungu zaidi mumewe, na mzinga wa tatu ukabaki hauna mtoto hata mmoja.

Mwishowe akapata hila. Fundi akilala mchana, atayang'oa maua na kuwasingizia mbuzi wa jirani. Alikuwa kwenye shina la pili aliposikia fimbo ya Fundi ikigonga sakafu ya baraza.

"Ni mbuzi," alianza kusema.

Fundi alilitazama jembe mkononi mwa mkewe. Mama Nyuki akaketi papo hapo udongoni na kumwambia yote, dawa, maziwa, watoto, huku machozi yakimtoka.

Fundi akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu binti yetu alipokuja Jumamosi ile."

"Na siku zote hizo wanakufa, wewe unanichekea mezani." Akaugusa mkono wake wa kulia. "Mkono ndio uliolala, mke wangu. Mimi niko macho."

Alijikongoja hadi penye maua, akaweka fimbo kando, akajishusha chini polepole, akalishika shina lililokuwa karibu naye na kulivuta kwa mkono wa kushoto mpaka mizizi ikatoka. Mama Nyuki akainama amsaidie.

"Hili niachie," alisema Fundi. "Wewe kalete gunia. Tukiyaacha chini yamechanua hivi, nyuki watayafuata hapahapa."

Tangu augue hakuwa amemtuma mkewe kitu chochote. Mama Nyuki alinyanyuka na kwenda mbio kuleta gunia.