Raba za Injini ya Baba

Msibani watu wote walisema ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikanyamaza kwa sababu mfiwa habishani. Sasa nitasema. Mungu naye anasingiziwa mengi. Moyo wa mama yangu ulikuwa mgonjwa, sikatai, lakini haukumuua peke yake. Mama aliuawa na adabu zetu.

Baba yangu, Mzee Yotham, alikuwa na kigari kidogo cheupe alichonunua alipostaafu. Kazi yake kubwa ilikuwa kumtoa mama nyumbani kwao Bahi na kumleta kliniki ya moyo hapa mjini Dodoma. Mama alikuwa anavimba miguu, na akilala chali anakosa pumzi, kwa hiyo baba alimkalisha kiti cha nyuma, mto mgongoni, khanga mabegani. Wakitoka kliniki walisogea mpaka kwetu Ihumwa kutujulia hali.

Mume wangu Seth ni fundi magari, na gereji yake iko hapo hapo uani. Siku kile kigari kilipoingia na mlio, hata mimi ninayejua magari kwa kupanda tu nilishtuka. Baba akiweka gia ya mbele, gu. Akiweka ya nyuma, gu. Usukani unatetemeka, dashibodi inatetemeka, na mama kule nyuma anashika kifua kila kinapogonga.

"Umesikia?" nikamuuliza Seth.

"Nimesikia. Mauntingi zimekwisha."

Mauntingi ni zile raba zinazoishikilia injini kwenye bodi ya gari isirukeruke. Zikichakaa, ukikanyaga mafuta injini inanyanyuka, ukiachia inashuka, na siku yoyote inaweza kung'oa kitu.

"Basi kazicheki."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo hadharani. Mama alikuwa ndani ya gari.

Kwetu sisi Wagogo, mkwe wa kike hasogelewi. Mwanamume hamtazami usoni mama wa mkewe, hampi mkono, hali naye, wala hakai naye mahali pa kubanana. Najua siku hizi wako wanaopiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Sisi hatujafika huko. Seth akimwona mama njiani anakata kona, na mama akimwona Seth anajifunika khanga. Ndivyo walivyopendana hao wawili, kwa kukimbiana, na mama alikuwa akiniambia hajui nilifanya wema gani kupata mume mwenye heshima vile.

Sasa kuzicheki zile raba ni kazi ya watu wawili. Boneti inafunguliwa, mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga breki, anaweka gia ya mbele anagusa mafuta, kisha ya nyuma anagusa tena. Fundi anainama pale mbele kuona injini inavyoruka. Lazima asogee. Na mama kumshusha na kumpandisha tena kulikuwa kunammaliza pumzi, hivyo baba hakutaka kumsumbua. Basi fundi wangu akasimama kule kwenye uzio, mgongo upande upande, akaongea na baba kwa mbali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Kigari kinagonga kidogo, sijui kina nini."

"Ni raba za injini, baba. Ukipata nafasi, ulilete siku moja tuziangalie."

Ukipata nafasi. Hiyo ndiyo lugha ya kumwambia mkwe. Angekuwa mteja mwingine Seth angechukua funguo akaziweka mfukoni, nimeshamwona akifanya hivyo, tena kwa watu wakubwa wenye maneno makali. Lakini mkwe haamrishwi. Na baba, naye mtu wa adabu zake, akasikia alichoambiwa, akashukuru, akawasha gari wakarudi Bahi.

Nikampigia simu mwenyewe. "Baba, lile gari ni bovu, lisimbebe tena mama."

"Nani kasema?"

"Seth."

"Seth kaniambia nikipata nafasi. Wewe umeanza lini ufundi?" Akacheka, akaniuliza habari za watoto.

Nikamgeukia Seth, nikamwambia ampigie yeye. "Nimwambie nini, Penina? Kwamba anamwendesha mkewe kwenye gari bovu? Baba mkwe haambiwi hivyo." Na msidhani alikuwa hajali. Kesho yake alikwenda mjini akanunua raba mpya, akaziweka kwenye rafu ya gereji na boksi lake. Akawa anasubiri baba apate nafasi. Nikamwambia hiyo heshima yako itatufikisha pabaya.

Ikaja siku ya joto lile la Oktoba, kabla mvua haijanyesha. Mama aliamka hana pumzi. Baba akampakia, akashika njia ya mjini. Walikuwa bado hawajafika Zuzu, ng'ombe wakakatiza barabara. Baba akawakwepa, akashuka nje ya lami, gari likaingia shimoni. Injini ikaruka, na kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kuizuia, ile shafti inayozungusha tairi ikachomoka kwenye gia boksi. Gari likawa limekufa hapo.

Alimpigia Seth. Seth akaazima pikapu ya jirani yetu Nurdini, ile yenye viti vya nyuma, nami nikadandia. Tulipofika, baba alikuwa bado anakanyaga mafuta. Injini inanguruma, matairi yamesimama tuli, na mzee wa watu anakanyaga tu, jasho linamtiririka, kama vile likikasirishwa litakwenda.

Seth akashuka, akakimbia, kisha akasimama. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na mama yumo. Akasimama pale, mikono nyuma, macho chini, anasubiri. Nilimtukana mume wangu mbele ya baba yangu. Nilichosema sikirudii.

Baba ndiye aliyesema, "Seth, mchukue."

Akamchukua. Alimbeba mikononi kama mtoto, uso ameugeuzia pembeni, na mama, aliyekuwa hana nguvu hata ya kumeza mate, akapata nguvu ya kuvuta khanga akajifunika uso.

Nilikaa naye nyuma, kichwa chake kifuani pangu. Baba alikaa mbele na Seth. Nikataka kumfunua apate hewa, akaushika upindo wa khanga.

"Yupo," akasema.

"Hakutazami, mama. Pumua."

"Yupo."

Na kweli Seth alikuwa amekipindua kioo cha dereva kisione nyuma. Anaendesha kasi ile, malori mbele na nyuma, na kioo amekipindua. Basi nikamwacha. Tulipoipita Zuzu vidole vyake vikalegea, nikadhani amepata usingizi, nikafurahi, kwani ni muda mrefu alikuwa hajalala vizuri. Nikawaambia wale wa mbele amelala, taratibu kwenye matuta. Hakuna aliyegeuka. Tulifika hospitali uso wake ukiwa umefunikwa hivyo hivyo, na nesi ndiye aliyeifunua khanga, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye.

Tulimzika Bahi. Msiba ulipokwisha, kigari kikavutwa mpaka Ihumwa, na baba akaja nacho. Seth akachukua lile boksi kwenye rafu, akaweka jeki na kipande cha ubao chini ya injini, akaanza kufungua nati. Raba za zamani zilitoka vipande, moja imekatika katikati kama mkate mkavu. Akafunga mpya, akairudisha shafti, akajaza oili ya gia. Jua lilikuwa halijafika utosini.

"Penina, kaa kwenye usukani," akasema.

Akanielekeza, nikakanyaga breki, nikaweka gia ya mbele, nikagusa mafuta. Kimya. Nikaweka ya nyuma. Kimya. Seth alikuwa ameinama kwenye injini, tumbo limegusa gari, hakuna tena wa kumkimbia.

Baba alisimama kando yake. "Ndiyo kazi yenyewe hii?"

"Ndiyo, baba."

"Asubuhi moja."

"Ndiyo, baba."

"Na ulijua."

Seth akajifuta mikono kwenye kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa imekauka. "Nilijua. Nilikwambia, baba."

"Uliniambia," baba akakubali. "Uliniambia vizuri sana."

Sijui kama lile lilikuwa tusi au sifa, na sidhani kama baba mwenyewe alijua. Alifungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa pale alipokuwa anakaa mama, mto wake ungali kitini. Akauegemea.

"Washa tena," akaniambia.

Nikawasha. Nikaweka gia ya mbele, nikaweka ya nyuma, nikarudia. Baba alikuwa amefumba macho, kiganja amekiweka juu ya kiti, anasikiliza injini iliyokuwa haina tena mtikisiko wowote.

"Angelala humu," akasema.