Daktari wa Ng'ombe Mbele ya Kamati

Seneta Lyle Brekke alikuwa mkono wa birika, na hilo alijivunia. Kwa miaka yote aliyokaa katika Bunge la Montana hakuna aliyemfumania akitumia hata senti ya jimbo pasipo sababu, na koti lake la kazi huko ranchini lilikuwa na viraka juu ya viraka. Kwa hiyo mswada wa bima ya afya ulipotua kwenye kamati aliyoiongoza, kila mtu pale Helena, makao makuu ya jimbo, alijua atapigaje kura. Washington ilikuwa imebadilisha sheria ya bima kwa nchi nzima, na ilikuwa tayari kutoa dola tisa katika kila kumi ili watu wa kipato cha chini wapate kadi ya matibabu. Kila jimbo lilikuwa na hiari ya kukubali au kukataa. Lyle hakuwa na ugomvi na zile tisa. Ya kumi ndiyo iliyomkosesha raha, pamoja na hofu kwamba siku moja Washington itainuka mezani na kuwaachia watu wa Montana bili nzima.

Asubuhi ya kikao alimkuta Verna Odegaard katika kantini ya bungeni, ana bakuli la maharage ya nyama na andazi kubwa la mdalasini. Verna ndiye aliyekuwa daktari pekee wa mifugo wilayani kwao. Alikuwa akimzalishia Lyle ng'ombe tangu hawajaota mvi wote wawili.

"Usiniambie umekatiza jimbo zima kufuata maharage ya hapa," Lyle alimwambia, akivuta kiti.

"Nimekuja kukuharibia siku. Nitazungumza mbele ya kamati yako."

"Kuhusu nini? Mswada huu ni wa watu, si wa ng'ombe."

"Kuhusu watu ninaowatibu."

Lyle akaangaza macho huku na huku. Minong'ono alikuwa ameisikia, kama kila mtu wilayani, lakini mambo ya minong'ono huachwa palepale.

"Verna, wewe! Kikao kinarekodiwa. Ukilisema hilo, leseni yako kwaheri. Na mitamba yetu ikikwama kuzaa tumwite nani, mchungaji wa kanisa?"

"Mtajifunza."

"Nakusihi kama jirani."

"Na mimi nimekuja kama jirani." Akakata nusu ya andazi, akamsogezea. "Kula, umekonda. Kip hajambo?"

"Mwanangu ana nguvu kama fahali," Lyle alijibu, akala kwa hasira.

Kikao kikaanza. Wakaja wakubwa wa hospitali, wakaja watu wa bima, wakaja na wale waliopiga kelele kwamba Washington inataka kutumeza wazima wazima. Kisha akaja Verna, buti zimeoshwa vizuri, mikono hajui aiweke wapi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi ni daktari wa mifugo. Kwetu, watu wasio na bima hunijia mlango wa nyuma. Nimewashona majeraha. Nimewarudisha mabega yaliyoteguka. Nimewapa dawa ambazo chupa zake zimeandikwa ni za ndama. Najua ni kosa."

Lyle akagonga nyundo. Alitaka kumwokoa, basi.

"Mama, muda wako umekwi—"

"Bado, Mwenyekiti. Saa iko nyuma yako, geuka uitazame."

Ukumbi ukacheka. Verna hakucheka.

"Russ Dahlgren alikuwa na kivimbe shingoni. Aliniuliza, kingekuwa cha ng'ombe wake ningefanya nini. Nikamwambia ningekikata kesho yake. Akasema, 'Basi nikate.' Hilo siliwezi. Nikamtuma hospitali. Hakwenda, maana bili aliiogopa kuliko kivimbe. Alipokwenda, alibebwa na helikopta, na hakurudi. Bili ile haikulipwa. Hospitali yetu ikapunguza wauguzi, na sisi tuliobaki tukaongezewa kodi ili isifungwe. Mnauliza pesa zitatoka wapi. Mbona zinatoka tayari? Tunazitoa mtu akishachelewa."

Lyle alikuwa amelibeba jeneza la Russ. Alikuwa ameshika upande wa mbele, na makaburini alitoa maneno mazuri kuhusu mtu asiyependa kusumbua wengine. Sasa aliona aibu, na hakuwa na pa kuificha.

Seneta Curtis Pell, mwanasheria aliyekuwa ameuvalia njuga mswada ule ili auangushe, akainama kwenye kipaza sauti.

"Daktari, unaelewa kwamba umekiri kosa?"

"Naelewa. Ndiyo maana nimesema polepole, mwandishi asikose neno."

"Basi tupe majina ya uliowatibu."

"Majina ni ya wenyewe."

"Unaweza kulazimishwa."

"Jaribuni," alisema Verna. "Mafahali wamejaribu."

Akarudi kuketi. Wako watu wanaopaza sauti wakadhani ndio ujasiri. Mwanamke huyu alikuwa ameweka kazi ya maisha yake mezani kwa sauti ya mtu anayeagiza mbegu, kisha akatulia akifungua pipi ya kikohozi.

Jioni wakapiga kura. Watano wakasema ndiyo, watano wakasema hapana, na mwenyekiti hupiga kura mwisho. Karani akaita jina la Brekke. Lyle aliiwaza dola ya kumi. Ilikuwa bado inamuuma. Lakini ukumbini humo alikuwa amemwona mtu akitoa kila alichokuwa nacho, na yeye alikuwa akiogopa kutoa moja katika kumi.

"Ndiyo," alisema.

"Amesema nini?" mtu akauliza nyuma.

"Nimesema ndiyo, na msinifanye nirudie, inauma."

Mswada ukapita, ukawa sheria. Pell akapeleka mashtaka kwenye bodi ya leseni, na Verna akasimamishwa kazi mwaka mzima. Lyle naye alivuna chake kwa kura ile: pale dukani kwa chakula cha mifugo, watu aliokua nao wakawa wanamgeuzia mgongo.

Machi iliyofuata, theluji bado imetanda, mtamba mmoja wa Lyle alikwama kuzaa. Daktari wa wilaya ya pili alikuwa mbali. Lyle akampigia Verna, na Verna akaja na pikapu yake, akasimama nje ya ua, mikono mifukoni.

"Ingia basi!" Lyle alimpigia kelele. "Nani atakuona huku, kunguru?"

"Nimevunja sheria, nimekiri, adhabu nitaimaliza. Ingiza mkono. Ndani zaidi! Hutafuti senti mfukoni, Lyle."

Lyle akaingiza mkono hadi begani. Kip alikuwa amekishika kichwa cha mtamba kwa kamba. Mkono ukiwa huko ndani kwenye joto, shavu limegandamana na manyoya, Lyle akapata ujasiri wa kuuliza jambo lililomkaa kooni tangu siku ile ya Helena.

"Verna. Katika wale watu wako, Kip alikuwamo?"

"Tafuta mguu wa pili. Usivute mmoja peke yake."

"Nimeupata. Nimekuuliza kitu."

"Subiri asukume. Haya, vuta! Vuta, mzee, vuta!"

Ndama akateleza na kuangukia kwenye majani makavu, akapiga chafya. Verna alikuwa ameshageuka kurudi kwenye pikapu. Lyle akamtazama mwanawe. Miaka yote Kip alimwambia amejinunulia bima, naye hakuwahi kuuliza zaidi, maana kuuliza kungeweza kumgharimu.

Kip alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Siku hizi naenda hospitali, Baba, kwa ile kadi," alisema.

Lyle akapiga magoti, akaanza kumkausha ndama kwa majani.